Elektroni Hazigawanwi

Ndugu zangu, nimelisema hili Ujiji, nimelisema Kasulu, na leo nalirudia: neno "kugawana" litoke kwenye madaftari ya kemia, pale mnapoandika kwamba atomu zikiungana "zinagawana elektroni". Watu wakigawana dagaa pale mwalo wa Kibirizi, kila mtu anaondoka na fungu lake. Atomu haziondoki!

Tazameni boti mbili za dagaa zilizofungwa pamoja kwa miti, wavu katikati. Wavu ule ni wa boti ipi? Ni wa zote mbili. Molekuli ya haidrojeni, yaani atomu mbili zilizoungana, ndivyo ilivyo. Kila atomu inaleta elektroni moja, ile jozi inavutwa na viini vya atomu zote mbili kwa wakati mmoja, na mvuto huo ndio kifungo chenyewe. Viini vikikaribiana mno vinasukumana, kwa hiyo vinatulia vikiwa na umbali wa pikomita 74, na pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita. Mwanakemia Mmarekani Gilbert Lewis aliieleza jozi hiyo mwaka 1916, na sisi bado tunaandika "kugawana".

Mtaniambia, "Mwalimu, sheria ni kila atomu itafute elektroni nane kwenye ganda lake la nje." Haidrojeni inatosheka na mbili! Atomu haina hamu ya nane. Zikiungana nishati inashuka, ndiyo maana zinatulia.

Sasa sikilizeni. Nilibeba dumu la maji ya chumvi kutoka Uvinza, tukayachemsha darasani kwenye jiko la mkaa. Chumvi ikaanza kuganda ukingoni mwa sufuria. Kijana mmoja akasema, "Maji yanavunjika, haidrojeni na oksijeni zinapaa." Nikamwambia ainamishe kifuniko juu ya mvuke. Matone yakamdondokea kiganjani. Nikamwambia onja. Akaonja, akanitazama: "Maji tu, hayana chumvi." Naam! Yametoka yakiwa maji. Kugeuza mole moja ya maji, yaani gramu kama 18, kuwa mvuke kunahitaji nishati ya kilojuli kama 41. Kuivunja hadi atomu moja moja, zaidi ya 900. Mkaa ulitenganisha molekuli na molekuli, haukugusa jozi zilizo ndani yake.

Na chumvi yenyewe? Hiyo si ya leo. Sodiamu inaikabidhi klorini elektroni, hakuna jozi ya pamoja, hakuna molekuli.

Naitrojeni nayo ina jozi tatu kati ya atomu zake mbili, na kuivunja mole moja kunahitaji kilojuli 945. Mahindi hayawezi kuivunja, ndiyo maana yanakuwa ya njano kwa kukosa naitrojeni katikati ya hewa ambayo asilimia 78 ni naitrojeni. Naona wenye ukumbi wamesimama mlangoni. Hiyo tutaianza kesho saa nane.