"Well" Ni Neno la Aina Gani?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu mliotoka Bahi, Chamwino, Kongwa na hapa Dodoma mjini, na ninyi wazazi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmeshanisikia nikilisema hili la kufundisha aina za maneno ya Kiingereza. Nitalisema tena, kwa sababu madaftari ya kidato cha kwanza bado yana makosa yale yale.

Naandika neno moja ubaoni: "well". Ni neno la aina gani? Nasikia "kielezi". Nasikia "nomino, maana yake kisima". Yupo aliyesema "yote mawili", huyo tunakaribiana. Jibu lenyewe ni hili: sijui, nipe sentensi.

Haya, sentensi. "The well at Mzakwe is deep." Hapo ni kisima, nomino, limetanguliwa na "the". "Asha sings well." Linaeleza Asha anaimbaje, kielezi. "Grandmother is not well." Linaeleza hali ya bibi, kivumishi. "Well, who ate the meat?" Huyo ni mtu anayeanza ugomvi, kihisishi. "Tears well up in her eyes." Machozi yanamlengalenga, kitenzi. Herufi 4 zile zile, kazi 5. Na ukitaka kumtoa mwanafunzi jasho, mwandikie "The old well works well" umwambie ataje aina ya kila neno.

Kwa nini jambo hili linatusumbua sisi kuliko linavyomsumbua mtoto wa London? Kwa sababu lugha zetu zinavaa sare. Ukisikia "analima", hata kama hukusikia sentensi ilivyoanza, unajua ni kitenzi: a- ya mtendaji, -na- ya wakati, mzizi, na -a ya mwisho. "Mkulima" ni mtu, "wakulima" ni wengi, "kilimo" ni jambo. Chukua neno hilo ulitupe peke yake pale stendi ya Nanenane, mpita njia yeyote atakuambia ni la aina gani. Kigogo hivyo hivyo, Kirangi hivyo hivyo. Wasandawe, lugha yenu si ya Kibantu, mna mambo yenu, mtanisamehe.

Kiingereza nacho kilikuwa na sare zamani. Kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, nomino ya Kiingereza ilibadilika mwisho wake kulingana na kazi yake, kama ni mtenda au mtendwa. Karne zilizofuata miisho ile ikapukutika karibu yote. Mabaki mnayaona kwenye "I" na "me", "he" na "him", "we" na "us". Maneno mengine yakabaki uchi, na lugha ikaamua kwamba atakayemtambulisha mtu ni kiti alichokalia. "The teacher saw the goat" na "The goat saw the teacher" zina maneno yale yale. Kilichobadilika ni viti tu, na mwalimu kawa ndiye anayechunguliwa.

Sasa sisi tunaingia darasani tunaandika ubaoni: nomino ni jina la mtu, mahali au kitu. Kitenzi ni neno linaloonyesha tendo. Mtoto anakariri. Halafu anakutana na "explosion". Kuna tendo kubwa kuliko mlipuko? Anaandika kitenzi, unampiga mkasi. Anakutana na "know", "belong", "is". Hapo nani anatenda nini? Hakuna anayetoka jasho, basi anaandika si vitenzi. Unampiga mkasi tena. Mtoto amefuata fasili yako neno kwa neno, na ni fasili hiyo iliyomfelisha.

Najua mtaniambia: mwalimu, orodha ya aina 8 za maneno ni ya tangu zamani, wewe nani uiguse? Ni ya zamani kweli, na ndipo penye tatizo. Mgiriki Dionysius Thrax, karne ya pili kabla ya Kristo, aligawa maneno ya Kigiriki katika mafungu 8. Hakuwa na fungu la vivumishi, alivichanganya na nomino. Alikuwa na fungu la vile vineno vya kama "the", maana Kigiriki kinavyo. Warumi wakaichukua orodha, wakakuta Kilatini hakina "the", wakakitoa hicho, wakatia vihisishi ili idadi ibaki 8. Baadaye wasomi wa Kiingereza nao wakaiazima kutoka Kilatini. Ndiyo maana katika orodha tunayokaririsha "the" haina nyumba, imesukumiwa chumba cha vivumishi kama mpangaji wa dharura. Nendeni mkajaribu kusema "very the". Ile namba 8 haikushuka mlimani na Musa.

Fanyeni hivi badala yake. Majaribio manne, yanatosha kwa kidato cha kwanza.

La nomino: je, neno linakaa kwenye pengo hili, "The ___ is here", au "The ___ was big"? "The explosion was big." Limekaa, kazi imekwisha. La kitenzi: ipeleke sentensi jana. Neno linalobadilika ndilo kitenzi. "They know" inakuwa "They knew". "She is" inakuwa "She was". Yapo machache yasiyobadilika, kama "put" na "cut". Hayo yapime kwa "he": "he puts", "he cuts", ile "s" inajitokeza. La kivumishi: linakaa kati ya "a" na nomino, na mara nyingi linakubali "very" mbele yake. Nasema mara nyingi, kwa sababu "wooden" ni kivumishi na "very wooden table" haisemeki. La kihusishi: lazima lishike nomino au kiwakilishi mkononi. "He is in the house", hapo "in" imeishika "the house". "He came in" haijashika kitu, kwa hiyo kwenye sarufi ya shule hicho ni kielezi.

Tujaribu pamoja kwa sentensi ya hapa kwetu kwenye zabibu. "Water the vines before the water tank is empty." "Water" ya kwanza: ipeleke jana. "Yesterday we watered the vines." Imebadilika, ni kitenzi. "Water" ya pili: nasikia "kivumishi, kwa sababu inaeleza tenki". Haya, tia "very". "A very water tank." Mnacheka wenyewe. Ni nomino iliyokaa mbele ya nomino nyingine kuieleza, basi. Kiingereza kinafanya hivyo kutwa: "bus stand", "school fees", "goat meat". Na kumbukeni anayetangulia ndiye anayeeleza. Kwetu ni kinyume, tenki la maji, nyama ya mbuzi. Mtoto akigeuza akaandika "meat goat", amepata mbuzi wa nyama badala ya nyama ya mbuzi. Bei zake hazifanani.

Mtasema tena: mtihani unaweza kuuliza fasili. Sawa. Kipindi ni dakika 40. Mpe fasili aikariri dakika 2, dakika 38 zilizobaki mpe mapengo.

Na wale mnaonong'ona kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, na kibao cha kumkataza mtoto kusema Kiswahili kimeshatundikwa ukutani: kitundikeni. Lakini mtoto akitenda kosa linalotokana na Kiswahili, wewe mwalimu usiyetaka kukitaja Kiswahili utalielezaje? Utabaki kusema "wrong, wrong" mpaka muhula uishe.

Chukueni "I am go to school". Limetoka wapi? "Ninakwenda." Mtoto anakata: ni-, "I", -na-, "am", kwenda, "go". Hesabu yake ni safi kabisa. Kasoro ni kwamba -na- si "am". Ni alama ya wakati tu, nayo inabeba mambo mawili ambayo Kiingereza kinayatenganisha: "I go" ya kila siku na "I am going" ya sasa hivi. Muulize: ni desturi au ni sasa? Desturi, futa "am". Sasa, acha "am" na uongeze "-ing". Kosa la "I am agree" linatoka chungu hicho hicho.

Chukueni "My father he works at the market". Baba yangu a-nafanya kazi. Ile a- kwetu ni lazima, ukiitoa sentensi inakufa. Mtoto kaitafsiri kwa uaminifu, ikawa "he". Kiingereza kinataka mtenda atajwe mara moja: ama "my father" ama "he". Na "the book that I bought it"? Kitabu nilichokinunua. Ile -ki- ndiyo "it". Mwonyeshe -ki- kwa kidole, mwambie hiyo haivuki mpaka, na kosa utaliona linapungua.

Hili linalofuata ndilo lililonileta hapa hasa, mwenyekiti, kwa hiyo uniongezee dakika. "He did not went." "Does she goes?" "He can goes." Kila mwalimu anazo kwenye daftari za wiki hii. Sisi tukisema "alikuwa analima", vitenzi vyote viwili vinavaa a-. Kiswahili kinamvalisha kila mmoja. Kiingereza kinampa mzigo kitenzi cha kwanza tu, wengine wanatembea mikono mitupu. Wakati na ile "s" hukaa kwa wa kwanza. "She goes." Ukileta "does", mzigo umehama: "She does not go." Ukileta "did", wakati umeshabebwa na "did": "She did not go." Ndiyo maana "did not went" ni magunia mawili ya mahindi yale yale.

Namna ya kusahihisha: mwache mwanafunzi amtafute mtenda, kisha kitenzi cha kwanza, akague mzigo hapo. Halafu amwangalie anayefuata nyuma. Nyuma ya "do", "does", "did", na nyuma ya "can", "must", "will" na wenzao, kitenzi kinabaki kitupu: "go". Nyuma ya "have", "has", "had" inakuja sura ya tatu ya kitenzi, ile ya mwisho kwenye "go, went, gone": "gone". Nyuma ya ndugu wa "be", yaani "am", "is", "are", "was", "were", inakuja "-ing" ikiwa jambo linaendelea, au sura ya tatu ikiwa mtu anatendwa: "The goat was sold." Mnyororo ukirefuka, kanuni haibadiliki, kila mmoja anamwamuru wa nyuma yake tu. "She has been working": "has" kabeba "s", kaamuru "been", "been" ni ndugu wa "be", kaamuru "working". Ukiuelewa mnyororo huo huhitaji kumkaririsha mtoto nyakati 12 kama majina ya vituo vya treni kutoka Dar es Salaam.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi yaliyobaki kwa mbio.

"A" na "an": sikiliza sauti, usiangalie herufi. "An hour", kwa sababu "h" haitamkwi. "A university", kwa sababu inaanza kwa sauti ya "yu". "An MP", kwa sababu mdomo unasema "em". Nomino zisizohesabika hazitaki "a" wala "s": "information", "advice", "furniture", "luggage". Kwetu taarifa zinahesabika, ushauri hapana, kwa hiyo usimtegemee mtoto akisie. "He" na "she": yeye yetu haijui mume wala mke, mtoto anachanganya kwa sababu hajawahi kulazimika kuchagua. Mazoezi tu, hakuna dawa nyingine. "Discuss" haitaki "about", ingawa sisi tunajadiliana kuhusu. Viwakilishi vingine sitavigusa, na vihisishi tulishakutana navyo kwenye ile nyama iliyoliwa, vinatosha.

Viunganishi, kimoja tu. "Although it rained, but we arrived." Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika. Kwetu viwili vinasimama pamoja na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka kimoja, ama "although" ama "but". Mwambie mtoto akate kimoja kwa peni, chochote kati ya hivyo viwili, sentensi itapona.

Chai iko nyuma, karibu na wazazi. Mwenye swali la "well" anifuate huko huko.