Kichwa Kikipoa kwa Dawa, Swali Bado Lipo

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na kauli ninayoisikia mara kwa mara, hata kutoka kwa wahudumu wenzangu: "Alimeza dawa kikapoa, basi hakikuwa kitu." Kauli hiyo imewaponza watu.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni utando unaouzunguka pamoja na mishipa ya damu iliyomo humo. Maumivu ya kipandauso hupita kwenye neva za utando huo, na ya damu iliyovuja chini ya utando hupita humo humo. Dawa huyapunguza yote bila kubagua chanzo. Kwa hiyo mwenye mshipa uliopasuka anaweza kupata nafuu, akaenda kulala, na mshipa ukapasuka tena usiku.

Sasa msinielewe vibaya. Wapo wanaomnyima mgonjwa dawa eti itaficha ugonjwa. Huo ni ukatili usio na faida. Mpeni dawa. Anayeugulia kwa maumivu hawezi kujieleza, na maelezo yake ndiyo yanayotuonyesha pa kutafuta.

Swali langu la kwanza ni hili: kilichukua muda gani kufikia ukali wake wote? Wengi hunijibu, "Kinauma sana, daktari." Basi nabadilisha: ulikuwa unafanya nini kilipoanza? Akisema alikuwa anafunga kamba za viatu, na hajamaliza kiatu cha pili kichwa kikawa kinataka kupasuka, huyo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anatembea na kuzungumza vizuri. Huenda ni damu iliyovuja chini ya utando, na picha ya kichwa ya CT huionyesha vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo. Baada ya hapo inaweza kuikosa, na mashaka yakibaki hupimwa maji ya uti wa mgongo, kwa kawaida zikishapita saa 12 tangu maumivu yaanze. Ndiyo maana nasisitiza mkumbuke saa.

Aliyevuka miaka 50 akapata maumivu ya kichwa asiyoyazoea, muulizeni kama kuchana nywele kunamuuma, kama taya linachoka akitafuna. Huenda mishipa ya panjani imevimba. Hapo steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, huanzishwa mara moja, hata majibu ya vipimo hayajatoka, kwa sababu jicho likipofuka kwa ugonjwa huu ni nadra kuona tena.

Mwenye homa na shingo iliyokakamaa, mjamzito aliyevuka wiki 20 anayeona vimulimuli, aliyeanguka naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda: hawa nao wasisubiri kupambazuke.

Wengi wenu, nashukuru, hamna hayo. Mna kichwa kinachorudi rudi, na vidonge haviwatoki mkobani. Ukimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza. Kwa vidonge vyenye kodeini, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, hata siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta tatizo hilo. Wekeni alama kwenye kalenda kila siku mnayomeza, kisha mlete kalenda hiyo kwa daktari. Mkipunguza, kichwa huuma zaidi kwa siku kadhaa kabla hakijatulia, na aliyezoea kodeini asiiache ghafla akiwa peke yake.