Bilauri mbili na barafu: kuwafundisha watoto kwa nini bahari inapanda

Assalamu alaikum walimu wenzangu, karibuni Mombasa. Leo ni barafu na maji tu, na hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote.

Bilauri mbili zinazofanana, jiwe, kalamu ya wino mzito, vipande vya barafu vya ukubwa mmoja. Bilauri ya kwanza tia maji, barafu ielee: hiyo ni barafu ya Aktiki, iliyo juu ya bahari. Ya pili weka jiwe lichomoze juu ya maji, barafu ikae juu ya jiwe: hiyo ni Greenland na Antaktika, barafu ya nchi kavu.

Sasa hapa nisikilizeni. Barafu ya jiwe isiguse maji. Isiguse kabisa! Ikigusa, inasukuma maji juu kabla haijayeyuka, na jaribio limeharibika. Halafu alama: barafu kwanza, alama baadaye. Narudia, barafu kwanza ndipo uchore alama.

Ngoja, ngoja... imeteleza. Mmeona? Imetumbukia. Mwaga, anza upya, usiiopoe ukaendelea. Mwanangu, shika meza. Geuza jiwe, upande bapa uwe juu. Haigusi? Haigusi. Chora alama, bilauri zote mbili.

Kila mtoto aandike anachotabiri. Usiwape jibu.

Barafu itachukua muda hata kwa jua letu hili, na mimi sipendi watoto wakae bure. Nawauliza: joto linaloongezeka duniani linatoka wapi? Tukichoma mafuta na makaa ya mawe, kaboni dioksaidi hubaki angani na kuzuia joto lisitoke. Watoto wa Changamwe wanaijua Kipevu, panapochomwa mafuta mazito kupata stima. Basi wachore ramani ya Kenya waonyeshe stima isiyotaka kuchoma mafuta: Olkaria, mvuke wa ardhini tangu 1981, Loiyangalani, mitambo 365 ya upepo, Garissa, sola. Wachore wenyewe, usiwabandikie picha ukutani.

Wingu hilo... lipite kwanza. Haya.

Tazama. Sogeza kamera, sogeza zaidi. Iliyoelea, maji yapo palepale kwenye alama, kwa sababu barafu ilikuwa imeshachukua nafasi yake majini. Ya jiwe, maji yamepita alama! Hapa watoto hupiga kelele. Waache wapige.

Waambie bahari imepanda takriban sentimita 20 tangu 1900, na si kwa barafu peke yake: maji yakipata joto hutanuka. Hilo bilauri hazionyeshi, kwa hiyo liseme kwa mdomo. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, jambo la karne nyingi, bahari itapanda karibu mita 7. Usiwatishe, hakuna anayezama kesho.

Ukiweza wapeleke Fort Jesus wakaone ukuta uliojengwa kuzuia mawimbi yasile ufuo chini ya ngome. Atatokea mtoto atakayesema, "Mwalimu, mbona maji hupanda kila siku na kushuka?" Swali zuri sana, usilipuuze. Kujaa na kupwa ni mvuto wa mwezi na jua. Zile sentimita 20 zinaongezeka juu ya maji kujaa, ndiyo maana bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, linafika mbali zaidi kuliko zamani.

Darasa likiwa kubwa, bilauri mbili kwa kila watoto watano, na sinia chini yake. Daftari zikae mbali na maji.