Herufi Moja ya Jeni: Mhadhara kuhusu HBB na Selimundu

Ndugu wasikilizaji, mama anapomleta kliniki mtoto wa miezi minane aliyevimba viganja na nyayo, anayelia kila anaposhikwa, mara nyingi nyumbani ameshaulizwa ni nani aliyemwangusha. Hakuna aliyemwangusha. Mtoto huyu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na chanzo chake kimo katika jeni iitwayo HBB, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, ambayo hubeba maelekezo ya kuunda globini ya beta, protini mojawapo ya zile zinazofanya himoglobini ya mtu mzima, yaani ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu.

Protini hiyo ni mnyororo wa asidi amino 146. Katika selimundu herufi moja tu ya jeni imebadilika, A ikawa T, na kwa badiliko hilo asidi ya glutamiki, inayopatana na maji, hutoka kwenye nafasi ya 6 ikaingia valini, inayoyakwepa. Himoglobini ikishatoa oksijeni yake, valini hujishikiza kwenye himoglobini ya jirani, nayo kwenye nyingine, hadi zinafanyika nyuzi ngumu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu ikawa kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na ndiyo maana vidole vya mtoto huyu vimevimba. Tena hufa mapema mno, ilhali chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120.

Naomba tukae kidogo kwenye urithi, kwa kuwa nimeona ndoa zikivunjika hapa bila haki. Mwenye selimundu ya aina ya SS, yaani mwenye nakala mbili za jeni iliyobadilika, amerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja tu ya jeni iliyobadilika, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake ni kosa la kisayansi, na ni dhuluma. Mbebaji mwenyewe kwa kawaida huwa mzima, tena utotoni hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, jambo alilolionyesha daktari Anthony Allison mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki; ndiyo sababu jeni hii imeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani.

Mbona basi mtoto hakuugua tangu kuzaliwa? Kwa sababu alizaliwa na himoglobini ya kichanga, isiyotegemea HBB, ambayo hupungua kadiri miezi inavyopita. Dawa ya haidroksiurea huirudisha kwa kiasi fulani, naye mgonjwa akapungukiwa na vipindi vya maumivu. Humezwa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara, kwani dawa hiyo yaweza kupunguza chembe nyeupe.