Waya wa nondo, raba ya baiskeli na waridi la ukutani

ZUHURA: Karibuni uani tena. Elia yupo, na leo kaingia na mkasi wa kupogolea mkononi.

ELIA: Shikamoo dada Zuhura. Nimekuja nao kwa sababu ya picha uliyonitumia Jumanne usiku.

ZUHURA: Marahaba. Wasikilizaji hawajaiona, ngoja niwaeleze. Jumanne upepo ulivuma hapa Arusha, tawi mama la waridi la ukuta wa mashariki likakatika. Nene kama kidole gumba, mita 1.5, matumba 11 karibu kuchanua. Halikukatika shinani wala kileleni. Limekatika pale pale lilipofungwa.

ELIA: Lilifungwa kwa kitu gani?

ZUHURA: Waya wa kufungia nondo.

ELIA: Basi upepo umemalizia tu kazi ya waya.

ZUHURA: Nakubali. Mpango wa leo ulikuwa mambo matatu: shimo la kupandia, umwagiliaji, na utitiri mwekundu. Kufunga hakukuwemo. Tukupe dakika 5 halafu tuendelee.

ELIA: Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya gome. Tawi linanenepa, waya haunenepi, unazama kwenye gome kidogo kidogo. Chakula kinakwama juu ya fundo, ndiyo maana unaona uvimbe pale. Maji yanapita ndani ya mti, kwa hiyo majani yanabaki mabichi na wewe unadhani mambo ni salama. Kumbe chini ya uvimbe mti umebaki mwembamba, na huko juu kuna uzito wa maua na mvua.

ZUHURA: Kwa hiyo ukiona uvimbe juu ya fundo, usingoje. Kata waya, usiuvute. Ukiuvuta utachuna gome lililobaki. Funga upya sentimita 10 juu au chini ya kidonda.

ELIA: Na ufunge kwa raba.

ZUHURA: Nilijua tutafika kwenye raba.

ELIA: Mpira wa ndani wa baiskeli, dada. Fundi baiskeli yeyote anao uliochoka. Kata ukanda wa upana wa sentimita 1.5, urefu 25. Uoshe kwa sabuni, maana una unga mweupe na mafuta. Tawi likinenepa, raba inavutika nalo.

ZUHURA: Inavutika mpaka lini? Jua likishaikausha inapasuka, siku usiyoitegemea. Halafu inashika maji chini yake, gome linakaa na unyevu masika nzima. Mimi nafunga kwa katani. Inaoza ndani ya mwaka, na hiyo ndiyo faida yake: ukisahau, yenyewe inaachia kabla haijanyonga.

ELIA: Inaachia wakati gani? Mwezi wa nne, mvua inanyesha, tawi limelowa na ni zito kupita kawaida. Raba ingelishika.

ZUHURA: Hiyo ni raba ya tatu leo, na kipindi hakijafika nusu.

ELIA: Itafika ya kumi. Lakini kwenye fundo lenyewe hatupingani, sivyo? Namba nane. Kamba inazunguka kwanza waya wa ukutani, ule unaoegemeza matawi, inajipinda katikati, ndipo inazunguka tawi. Ule mpindo unakaa kati ya tawi na waya, visisuguane. Acha nafasi ya kidole kimoja kupita.

ZUHURA: Na ukague kila baada ya miezi 3. Huku hatuna majira ya baridi ya kulisimamisha waridi, linanenepa mwaka mzima. Vitabu vya Ulaya vinasema kagua mara moja kwa mwaka. Kwetu mwaka ni mrefu mno.

ELIA: Nikuulize, ule waya wa ukutani ulikuwa umekaza?

ZUHURA: Ulilegea. Na hilo nalo lilichangia, maana waya uliolegea unayumba na tawi linayumba nao. Toboa ukuta, ingiza fisha, yaani plagi ya plastiki ya kushika skrubu, halafu skrubu zenye pete kichwani za kupitishia waya, kila mita 1.5. Pete zitokeze sentimita 5 hadi 8 kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma ya majani. Mstari wa kwanza wa waya sentimita 45 kutoka chini, inayofuata kila sentimita 35. Mistari 5 inatosha.

ELIA: Inatosha kwa sababu tunazungumzia waridi dogo la kuparamia. Yale aliyozalisha Chris Warner wa Uingereza, Laura Ford la njano na Warm Welcome la rangi ya chungwa, yanakomea mita 2 hadi 2.5. Climbing Iceberg jeupe linavuka mita 3, na kwenye ua mdogo litakugeuza mtumwa wa ngazi. Ongeza kidogo juu ya kipimo cha kwenye lebo, maana huku halipumziki.

ZUHURA: Na yote haya ya kufunga yana sababu moja: kulaza matawi. Jicho la kileleni linatoa oksini, homoni inayoyazuia macho ya chini yasichipue. Tawi likisimama wima, maua yote yanakwenda juu, chini zinabaki fimbo tupu. Lilaze, liinuke kidogo tu kama nyuzi 30, na kila jicho la upande wa juu litatoa tawi fupi lenye maua.

ELIA: Lilaze likiwa changa. Tawi la sentimita 60 hadi 90, bado kijani, linapindika. Mwagilia vizuri siku moja kabla. Usilishushe kwa siku moja, lishushe kwa wiki 3 au 4, kila wiki mstari mmoja. Tawi gumu la mwaka uliopita ukililazimisha litapasuka shinani, na ufa wa pale hauponi. Hapo raba inakusaidia, maana unaweza kukaza polepole...

ZUHURA: Ya nne.

ELIA: ...katani huwezi kuikaza, lazima ufungue ufunge upya!

ZUHURA: Nafungua, nafunga upya. Ndiyo namna ya kulikagua. Tuache hilo. Kuna swali la msikilizaji wa Moshi: waridi lake lina miaka 4, majani yana madoa meusi, alinyonyoe?

ELIA: Alinyonyoe. Mwanzoni mwa Julai, masika yakishaisha na baridi imeshika. Achume majani yote, afupishe matawi ya pembeni yabaki na macho 2 au 3, afagie kila jani lililoanguka. Huku hakuna baridi kali ya kuyaangusha majani, kwa hiyo ugonjwa unahama kutoka jani kuukuu hadi jani jipya bila kukatika. Lazima tuukatishe sisi.

ZUHURA: Sikubali. Jani ndilo jiko. Unalivua jiko lote katika miezi yenye mawingu mazito kuliko yote Arusha na Moshi, halafu unalitaka lichipue kwa akiba iliyoko kwenye mti. Likiwa dhaifu, ncha zinakauka kurudi chini. Na kuvu wa madoa meusi anakaa pia kwenye vidonda vya matawi, hujamkatisha.

ELIA: Matawi yenye vidonda yanakatwa siku hiyo hiyo. Na sisemi lifanyiwe waridi la mwaka mmoja. Hili lina miaka 4, akiba ipo.

ZUHURA: Mbegu za huyo kuvu zinahitaji jani likae na maji kama saa 7 ndipo zishike. Hapo ndipo pa kumkatishia: ukuta wa mashariki, jua la asubuhi likaushe umande, nafasi nyuma ya majani, maji yamwagwe shinani. Chuma majani yenye madoa tu. Pogoa matawi ya pembeni kila baada ya awamu ya maua, mwaka mzima, bila kulivua nguo.

ELIA: Utachuma yenye madoa kila wiki mpaka uchoke. Kwa wingi wa unyevu wa Moshi, kuondoa nusu ni sawa na kuacha.

ZUHURA: Na kuondoa yote ni kulifunga waridi njaa.

ELIA: Mimi ningenyonyoa.

ZUHURA: Mimi nisingethubutu. Ndugu yetu wa Moshi, umesikia pande mbili, mkasi unao wewe. Muda?

ELIA: Dakika 3.

ZUHURA: Haiwezekani! Shimo basi, haraka.

ELIA: Sentimita 50 kila upande na kwenda chini. Liwe sentimita 45 kutoka ukutani, maana chini ya upenu mvua haifiki na msingi unanyonya maji. Mche uinamie ukuta. Ndoo moja ya samadi iliyooza miezi 6, ichanganywe na udongo, isiguse mizizi. Samadi mbichi inaunguza.

ZUHURA: Kiungo cha kubebeshea, pale waridi lilipounganishwa na shina la waridi jingine, kibaki juu ya udongo kwa sentimita 2 hadi 3. Mingi ya miche inayotoka kwenye mashamba ya maua imebebeshwa kwenye Natal Briar, waridi linalotumika kwa mizizi yake, na chipukizi lake likitoka chini ya kiungo litalimeza waridi lako. Fukua mpaka linapoanzia, ulinyofoe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi litarudi matatu.

ELIA: Umwagiliaji?

ZUHURA: Hatuna muda.

ELIA: Utitiri?

ZUHURA: Wiki ijayo, ukija bila raba.

ELIA: Nitakuja nayo, nimeshakukatia kanda 20. Ule waya wa nondo umeutoa wote?

ZUHURA: Umebaki mmoja, juu ya dirisha.

ELIA: Ngazi iko wapi?