Chungu cha Sarpedoni na Barua ya Beirut

Mwenyekiti, ndugu waandishi wenzangu, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie riwaya za njama, zile ambazo watu wanafukuzana dunia nzima wakitafuta kitu cha kale. Miswada ya aina hiyo nimeisoma mingi. Karibu yote ina chama cha siri, ramani iliyochanika, na mzee anayekata roho kabla hajamaliza sentensi. (Kicheko.) Mzee huyo mwacheni apumzike. Leo nawaletea njama ya kweli, na silaha yake kubwa ilikuwa barua.

Desemba 1971, waporaji wa makaburi walichimba karibu na Cerveteri, si mbali na Roma, kwenye makaburi ya Waetruska, watu wa kale wa Italia. Wakatoa vipande vya chungu kikubwa cha kuchanganyia divai na maji, kilichopambwa na Euphronios wa Athens yapata mwaka 515 kabla ya Kristo. Ubavuni mwake, Usingizi na Mauti, ndugu wawili wenye mabawa, wanainua maiti ya Sarpedoni, shujaa wa Vita vya Troya, damu ikimchuruzika. Haukupita mwaka, chungu kikawa ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kwa dola milioni moja.

Kilifikaje? Muuzaji, Robert Hecht, alikuja na maelezo: chungu ni cha Dikran Sarrafian, mfanyabiashara wa malikale huko Beirut, na baba yake alikipata London mwaka 1920. Barua ya kuthibitisha ipo. Hebu tazameni hadithi hiyo ilivyosukwa. Sheria ya Italia ya 1939 inasema malikale yanayofukuliwa ardhini ni mali ya dola. Kama chungu kilikuwa mikononi mwa watu tangu 1920, tena nje ya Italia, Warumi wadai nini? Hakupigwa mtu risasi. Umetajwa mwaka tu.

Gazeti la New York Times lilianza kuchokonoa mwaka 1973. Jumba likaishikilia barua yake, miaka ikapita, watalii wakaendelea kupiga foleni.

Agosti 1995, dalali mmoja alikufa kwa ajali ya gari barabarani Italia, na polisi wakakuta picha za malikale garini mwake. Wakafuata nyayo. Msako mmoja ukawapa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye mtandao mzima: wachimbaji chini, madalali juu yao, na juu kabisa jina la Hecht. Ningeikuta karatasi hiyo kwenye mswada ningeifuta kwa kalamu nyekundu. Nani anachora njama kisha anaitunza nyumbani? Kumbe wapo.

Septemba mwaka huohuo wakaingia kwenye ghala la Giacomo Medici, mfanyabiashara wa malikale, katika bandari huru ya Geneva, mahali pa kuhifadhi bidhaa bila kutozwa ushuru. Humo mlikuwa na maelfu ya picha, nyingi za Polaroid, kamera inayotoa picha papo hapo: vyombo vimevunjika, bado vina udongo, kisha vyombo vilevile vimeungwa na kusafishwa. Sasa pigeni hesabu kama mpelelezi. Kamera za Polaroid zilianza kuuzwa mwaka 1948. Chombo chenye tope mbichi kwenye picha ya Polaroid hakiwezi kuwa kilifukuliwa kabla ya sheria ya 1939. Mwizi alipiga picha ili avutie wateja, naye akawa ameandika ushahidi dhidi yake. Medici alikuwa hata na picha yake mwenyewe amesimama kando ya chungu cha Sarpedoni, pale New York!

Msidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Mnavijua vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, ambazo hazipaswi kung'olewa. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alivipiga picha vigango viwili kwenye boma moja la Kilifi. Baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi Marekani, picha ya kigango ikaonyeshwa ukutani naye akakitambua. Kilikuwa katika mkusanyo wa Illinois. Mwaka 2007 kikarudishiwa wenyewe. Mimi ningeianzia riwaya ndani ya ukumbi ule, watu wanasinzia, mtu mmoja tu ndiye ameshtuka. Natamani mmoja wenu aniwahi.

Na mwisho uweje? Metropolitan ilikubaliana na Italia mwaka 2006, chungu kikarudi 2008, na leo kiko Cerveteri. Medici alihukumiwa 2004. Kesi ya Hecht iliendelea Roma mpaka Januari 2012, muda wa kisheria ukaisha, ikafungwa bila hukumu; wiki chache baadaye akafariki, mzee wa miaka zaidi ya tisini. Mhariri atakwambia wasomaji watakasirika, mtie pingu hata kwenye ukurasa wa mwisho. Usikubali.

Haya, maswali. Yule dada wa nyuma alitangulia kunyoosha mkono.