Kujaza fomu ya kadi ya PR ya Kanada kama ulikaa sana nyumbani

Haya, karibuni tena. Leo ni fomu IMM 5444, ya kuomba kadi mpya ya ukaazi wa kudumu, yaani PR, hapa Kanada. Naongea hasa na wewe uliyekwenda nyumbani kumuuguza mzazi, msiba ukakukuta hukohuko, miezi ikakatika. Nitangulize hili: mimi si wakala wa uhamiaji. Napiga picha na kuskani karatasi hapa Hamilton, basi.

Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, hayo unayajua, ruka.

Twende kwenye safari. Sheria inataka siku 730 ndani ya Kanada katika miaka 5, ukihesabu kurudi nyuma kuanzia siku unayoomba. Si lazima zifuatane. Na kadi kuisha muda wake si kupoteza ukaazi, acheni kutishana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Toa pasi zako zote, na ile ya zamani iliyokatwa kona. Nasogeza kamera... ah, plastiki inang'aa, hamwoni kitu. Ngoja nizime hii taa. Hapo sawa. Mnaona muhuri wa Dar? Tarehe 5 Juni.

Sasa tulia hapa. Muhuri huo ni wa siku uliyotua Dar. Fomu inauliza siku uliyotoka Kanada, na ndege iliondoka Toronto tarehe 3. Kurudi ni vilevile: Dar wamegonga 20 Agosti, lakini umetua Toronto tarehe 21, na mara nyingi hapa hawagongi kitu. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote zinahesabiwa kuwa ulikuwa Kanada. Kwa hiyo hapo umekosekana siku 78. Ukifuata mihuri unapata 75, na serikali ina rekodi zake za mipakani. Fungua barua pepe, tafuta tiketi. Narudia: tiketi kwanza, muhuri baadaye. Ukibadilishiwa ndege, chukua tarehe uliyosafiri kweli, siyo ile uliyonunua.

Wikiendi ya harusi Buffalo, ng'ambo ya mpaka Marekani, nayo ni safari, iandike. Jumla ya siku za nje ikifika 1,095, fomu inataka maelezo zaidi. Kama ulikuwa huko na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada, siku hizo zinaweza kuhesabiwa kama za ndani ya Kanada, weka ushahidi.

Historia ya kazi na masomo: usiache hata mwezi mmoja mtupu. Hukuwa na kazi? Andika hukuwa na kazi. Ulikuwa Kigoma unamhudumia mama? Andika hivyohivyo, kwa Kiingereza au Kifaransa. Halafu linganisha na orodha ya safari. Nawaona watu hapa dukani, karatasi moja inasema mtu yuko Kigoma, nyingine inasema miezi hiyohiyo anafanya kazi kiwandani Brampton, hapa Kanada. Afisa ataamini ipi? Mimi huchora mistari miwili kwenye karatasi ya kawaida, safari juu, kazi chini. Programu za simu sizipendi.

Siku hazifiki 730? Usipunguze safari hata moja. Uongo kwenye fomu unaweza kukufungia mlango miaka 5. Eleza sababu za kiutu, ambatisha barua za hospitali na cheti cha kifo, na kabla ya kutuma mwone mwanasheria au wakala mwenye leseni. Usimwone shemeji anayejua kila kitu.

Ada ni dola 50. Weka na ushahidi wa kuishi hapa, kama karatasi za kodi ya mapato na za mshahara.

Picha ni milimita 50 kwa 70, siyo ile ya viza ya Marekani, tafadhali. Njoo na nguo yenye rangi, ukuta wangu ni mweupe. Jumapili asubuhi nipo kanisani, usinigongee.